Jinsi ya kupima na kuchora jengo la zamani kwa mkono, kuanzia getini mpaka karatasi ya mwisho

Jinja, hapa Uganda, kuna duka moja la zamani, ghorofa moja juu, veranda mbele, aina ile waliyojenga Wahindi kabla ya vita vya pili, nilipeleka wanafunzi wangu kulipima. Kwa nje upana ukatoka mita 12.19. Ndani wakajumlisha vyumba vyote pamoja na unene wa kuta zote wakapata mita 11.05. Yaani mita 1.14 haionekani ilipo. Sasa kijana mmoja, mkali sana wa kompyuta, akaichukua ile 1.14 akaigawa kwenye vyumba vitatu, huku kaongeza kidogo huku kaongeza kidogo, mchoro ukafunga vizuri ukawa msafi kabisa, akaniletea anatabasamu.

Nikamwambia rudi Jinja.

Kwa sababu 12.19 ni futi 40 kamili, na nyumba zile zilijengwa kwa futi, kwa hiyo kipimo cha nje hakikuwa na shida. Na 1.14 ukiigeuza inakuwa futi 3 na inchi 9. Inchi 9 ni ukuta wa tofali moja kwa unene. Futi 3 ni upana wa ngazi. Alivyorudi akagonga ukuta wa nyuma ya kaunta, upande mmoja ukalia dup dup, upande wa pili ukalia kama ngoma. Mzee mwenye duka akacheka akasema, mwanangu si mngeniuliza tu, hapo palikuwa na ngazi, baada ya Wahindi kufukuzwa 1972 nyumba ilivyogawanywa juu akapewa mtu mwingine na chini mwingine, hakuna aliyetaka mwenzake apitie kwake, wakaziba.

Kwa hiyo huu mwongozo wote, pamoja na urefu wake, unahusu hicho kitu kimoja: namba isiyokubali. Nimefundisha uchoraji wa majengo zaidi ya miaka ishirini hapa Kampala na bado wanafunzi wanadhani kazi ya kupima ni kupata namba zikubaliane. Ukishika penseli na tepu mwenyewe utakutana na hizo namba, ukiscan na simu programu itakunyooshea kila kitu kimya kimya na wala hutajua kulikuwa na ngazi.

Huhitaji kuwa umesomea. Kama unajua kujumlisha na una Jumamosi mbili, twende.

Kwanza uingie getini

Chagua jengo dogo. Kila mwaka mtu ananiambia anataka kuanza na kanisa kuu la Namirembe, namwambia anza na choo cha nje cha Namirembe. Duka la vyumba vitatu, nyumba ya mwalimu kwenye shule ya misheni, banda la zamani la reli, hivyo ndivyo vya kuanzia. Reli ilifika Kampala 1931 na kando yake mpaka Tororo utaona vijumba ambavyo hakuna anayevitazama.

Ruhusa iombe kwa mdomo kwanza, barua baadaye. Barua ukiitanguliza inapelekwa ofisini, ofisini wanaogopa, wanadhani umetumwa na mtu anayetaka kiwanja, na kwa bei ya viwanja vya Kampala siwalaumu. Nenda mwenyewe, na mchoro wa jengo lingine mkononi ili waone ni kitu gani unataka kufanya. Na hapa Kiswahili kinasaidia kuliko watu wanavyokubali: Uganda hii Kiswahili kimeishi sana jeshini na polisi, kwa hiyo askari wa getini, ambaye mara nyingi ni mstaafu wa huko, ukimwambia "habari za kazi afande, naomba unisaidie" uso wake unabadilika, kumbe alikuwa anasubiri mtu wa kuongea naye. Huyo ndiye atakwambia ni chumba gani kina popo na ni nani ana funguo. Msalimie pia kesho yake, usimsalimie siku ya shida tu.

Sema wazi huuzi, hununui, huna uhusiano na kampuni ya ujenzi. Waahidi nakala ya mchoro. Alafu uwape kweli.

Vitu vya kubeba

Tepu ya chuma ya mita 5 na tepu ndefu ya mita 30. Ile ndefu ya kitambaa inavutika ikizeeka, kwa hiyo kabla ya kazi ilaze chini kando ya ile ya chuma uone inadanganya kiasi gani. Ubao wa kubania karatasi, ukubwa wa A3, karatasi nyeupe za kawaida, penseli HB na 2B, kifutio ubaki nacho mfukoni (nitaeleza), kisu cha kuchongea, kalamu nyekundu ya kuandikia vipimo. Timazi, hata ya kamba na nati nzito inatosha. Mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule wa mafundi, mita 10. Chaki. Tochi. Kofia. Maji ya kunywa na hela ya rolex, ile chapati ya mayai, maana njaa inaharibu vipimo kuliko tepu mbovu.

Leza ya kupimia ni nzuri ndani ya nyumba. Nje, kwenye jua la hapa saa sita mchana, ile nukta nyekundu huioni, utabaki unapima ukuta wa jirani. Na simu iache kwenye begi mpaka nikwambie.

Kaa kabla ya kupima

Saa nzima ya kwanza usitoe tepu. Zunguka jengo mara mbili, mara ya kwanza karibu, mkono ukutani, mara ya pili mbali ng'ambo ya barabara. Alafu kaa chini uchore uso wake wa mbele kwa macho tu.

Hapa darasani nina zoezi ambalo wanafunzi wanalichukia. Wiki ya kwanza nawapa tofali moja. Kila mtu tofali moja lililo ukutani, dakika ishirini, bila kifutio. Dakika ya tatu wote wamemaliza, wamechora mstatili, wananitazama. Nasema endelea. Dakika ya nane mtu anagundua kona ya chini imelika. Dakika ya kumi na mbili mwingine anaona alama ya vidole, mtu aliyelitoa kwenye kalibu likiwa bado bichi alilishika hapo, vidole vinne upande huu na gumba upande ule. Mwaka mmoja dada mmoja kutoka Mbale alikuta alama ya unyayo wa mbuzi. Tofali limechomwa, limejengwa, limekaa pale pengine miaka tisini na unyayo wa mbuzi uko palepale. Baada ya hapo sikuhitaji tena kumwambia yule dada atazame.

Kifutio kinakaa mfukoni kwa sababu mstari uliokosea unakuonyesha ulidhani nini. Chora mwingine pembeni, wa kwanza uache.

Na uchague saa. Hapa tupo karibu kabisa na mstari wa ikweta, Kampala iko kaskazini yake kidogo tu, kwa hiyo jua letu lina tabia yake. Uso wa mashariki uchore asubuhi, wa magharibi jioni, hilo kila mtu anajua. Ila uso unaotazama kaskazini unapata jua kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka mwishoni mwa Septemba tu, miezi mingine uko kivulini kutwa, na wa kusini ni kinyume chake. Mwezi wa tatu na wa tisa saa sita na nusu mchana jua liko utosini, nakshi zote zinapotea, jengo linakuwa bapa kama katoni. Saa mbili asubuhi mwanga unapita kwa ubavu na kila kovu la lipu linasimama lenyewe.

Mchoro wa sait, yaani palepale kwenye jengo

Sasa chora plani, yaani jengo kama linavyoonekana likikatwa na kutazamwa kutoka juu, kwa mkono, bila skeli (vipimo vya uwiano), karatasi nzima kwa jengo zima. Usijali uwiano sana. Jali mfuatano: ukuta, mlango, ukuta, dirisha, kona. Chora kubwa, maana namba zinahitaji nafasi, kosa la kila mwanafunzi ni kuchora plani ndogo nzuri katikati ya karatasi alafu namba zinapandana kama abiria wa taksi ya Gaba saa kumi na mbili jioni.

Kila chumba kipe namba, kila mlango herufi. Andika pia upande wa kaskazini. Utashangaa ni wangapi wanasahau kaskazini.

Tepu

Watu wawili wanatosha, watatu ni raha: mmoja anashika sifuri, mmoja anasoma, mmoja anaandika. Anayeandika lazima aitamke namba tena kwa sauti. Anayesoma anasema "mbili mia tano arobaini", anayeandika anarudia "mbili mia tano arobaini". Milimita kila mahali, hakuna kuchanganya na sentimita.

Ukuta mrefu wenye madirisha usipime dirisha moja moja. Kaza tepu kutoka kona moja mpaka nyingine, sifuri ikae kona, alafu soma kila kitu bila kuitoa: ukingo wa dirisha la kwanza 1,220, ukingo wa pili 2,134, na kuendelea. Ukipima kimoja kimoja na kila mara ukakosea milimita 5, vipimo nane vimekupa sentimita 4 za uongo mwisho wa ukuta. Na tepu ndefu ikilegea katikati inaongeza urefu, kwa hiyo ivute.

Alafu diagoni, yaani kutoka kona mpaka kona ya mkabala. Kila chumba kipime kuta nne na diagoni zote mbili, hata kama kinaonekana mraba, hasa kama kinaonekana mraba. Vipimo vya kuta peke yake havikwambii kama chumba kimelala upande. Ukishakuwa na diagoni unarudi mezani na bikari, unachora ukuta mmoja, unazungusha tao la urefu wa ukuta unaofuata kutoka kona hii na tao la urefu wa diagoni kutoka kona ile, zinapokatana ndipo ilipo kona ya tatu. Diagoni ya pili ni ya kumkagua mwenye tepu.

Unene wa kuta upime mlangoni, unene wa lipu ukionekana uupunguze kwenye hesabu. Ukuta ukitoka kama milimita 230 ni tofali moja, inchi 9. Ukitoka 340 hivi ni tofali moja na nusu, hapo jiulize kwa nini ukuta huu ulihitaji unene, kuna kitu juu, au zamani huo ndio ulikuwa ukuta wa nje na chumba kinachofuata kiliongezwa baadaye.

Na jioni kabla hujaondoka geuza namba kuwa futi. Hii ndiyo siri yangu kama nina siri. Majengo ya hapa ya kabla ya kuhamia mita yalichorwa kwa futi na inchi: 305 ni futi moja, 914 ni futi 3, mlango wa kawaida, 2,134 ni futi 7, 3,048 ni futi 10. Ukiona chumba cha 3,660 kwa 4,270 unaona tu namba mbaya, ukigeuza ni 12 kwa 14, na ghafla unamsikia fundi aliyekipanga. Ukuta ukikataa kuwa futi kamili huo ndio wa kuuzungushia kalamu nyekundu. Inaweza kuwa kosa lako, na mara nyingi ni kosa lako, pima tena. Ikikataa mara ya pili ni jengo linaongea.

Urefu kwenda juu

Sakafu za nyumba za zamani zimetitia, kwa hiyo usipime urefu kutoka sakafuni. Chukua mpira wa maji, ujaze, toa mapovu yote (kiputo kimoja tu kinakudanganya), na uweke alama ya chaki kwenye kuta zote, ndani na nje, kwa usawa mmoja wa maji. Huo mstari ndio sifuri yako. Pima kwenda juu na kwenda chini kutoka hapo. Mara moja utaona sakafu ya chumba cha nyuma imeshuka sentimita 6 na hakuna aliyejua.

Kuta za tofali zisizopigwa lipu hesabu kosi, yaani safu za matofali. Pima kosi 10 sehemu unayoifikia, gawa kwa 10, alafu hesabu kosi mpaka juu na tochi au macho. Namirembe ni mahali pazuri pa kujifunzia hili, matofali yako wazi. Lile kanisa lilichorwa na Beresford Pite, ambaye naye alikuwa profesa wa usanifu kule Uingereza, likakamilika 1919, baada ya lililokuwepo kabla yake, la 1904, kuungua kwa radi mwaka 1910. Simama chini ya kuba uhesabu kosi mpaka shingo iume, utajua ile kazi ilikuwa nini bila kusomewa hotuba na mimi.

Pale usipofika tumia kivuli. Simamisha fimbo ya mita 1, pima kivuli chake, muda huohuo pima kivuli cha jengo. Fimbo ikitoa kivuli cha 1.25 na jengo kivuli cha 9.5, gawa 9.5 kwa 1.25, jengo lina mita 7.6. Fanya asubuhi saa mbili au tatu, maana mchana hapa kwetu kivuli kinaingia chini ya viatu vyako na hesabu haiendi popote. Na ardhi iwe tambarare, kwenye vilima vya Kampala hilo ni ombi kubwa najua.

Kenchi za paa ukiweza ingia uzione. Ila mbao ya dari usiikanyage, kanyaga boriti. Nina kovu la goti linalothibitisha.

Nyumba ya duara

Hii iko peke yake kwa sababu vitabu vingi vya kupima majengo vinadhani dunia ina kona.

Duara unapima mzunguko wake, ukizungushia tepu nje, ugawe kwa 3.14 upate kipenyo. Alafu ndani upime kutoka nguzo ya mlango mpaka nguzo nyingine, na nyingine, pembetatu pembetatu, maana duara la binadamu halijawahi kuwa duara la bikari. Paa la nyasi pima unene wake kwenye ukingo wa mlango, na chora jinsi matita yanavyolala, yanavyofungwa, kamba inapita wapi. Hapo skeli ya 1:5 ndiyo yenye maana, mchoro wa nyumba nzima ya nyasi kwa 1:100 unakupa kofia tu.

Na hapa lazima tuongee kuhusu Kasubi. Nyumba kubwa ile, Muzibu Azaala Mpanga, kwanza ilikuwa jumba la Kabaka Mutesa wa kwanza lililojengwa 1882, alipofariki 1884 likawa kaburi lake, na baadaye wakazikwa humo Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa pili. Kipenyo chake ni kama mita 31. Juu ndani ya paa kuna pete 52, za koo za Baganda. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, yaani ujuzi uko mikononi mwa watu, haukuwekwa kwenye faili. UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Tarehe 16 Machi 2010 usiku ikaungua. Ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ikatolewa huko 2023 baada ya kazi ndefu sana ya kujenga upya.

Mwanafunzi wangu akienda kule namwambia mambo mawili. Vua viatu, keti chini kwa heshima, fuata unachoambiwa na walinzi wa pale. Na la pili, nyuma ya pazia la lubugo, kitambaa cha gome la mti, kuna sehemu inaitwa kibira, msitu, ambako wafalme wameingia. Huko huendi, hupimi, huchungulii, na kwenye plani yako unapaacha peupe. Usikisie. Niliwahi kuona plani ya mgeni mmoja amejazia pale kwa kukisia, kuta nzuri tu zenye vipimo. Nilikasirika siku nzima. Peupe pale ni kipimo sahihi kuliko chochote angeweza kuandika.

Ngozi ya jengo

Sasa toa simu, piga picha, kila picha weka rula ndani. Alafu angalia vitu.

Udongo kati ya matofali: kwaruza kidogo na funguo mahali pasipoonekana. Ukimwagika kama unga ni udongo au chokaa, ukigoma ni saruji. Kiwanda cha saruji cha Tororo kilianza miaka ya 1950, kabla ya hapo saruji ilikuja kwa meli mpaka Mombasa alafu kwa reli, haikuwa ya kumwaga ovyo. Ila usitaje mwaka wa jengo kwa hilo peke yake, watu wanakarabati.

Kama chini ya ukuta, usawa wa goti, rangi inabanduka na lipu imevimba, mara nyingi mtu alipiga lipu ya saruji juu ya matofali laini ya zamani. Maji yanapanda kutoka ardhini, zamani yalikuwa yanatoka taratibu kupitia chokaa, sasa yamefungiwa, yanakula tofali kwa ndani. Weka hiyo sehemu kwenye elevesheni, mchoro wa uso wa jengo, kwa mistari ya kulala, andika urefu ilipofika. Mwenye nyumba atakwambia amepiga rangi mara tatu na bado. Mwambie shida si rangi.

Vigae vya paa vikianguka kimoja kigeuze, chini huwa kuna muhuri wa kiwanda, vingi vya zamani vilitoka Mangalore, India. Na kule Jinja kwenye parapeti za maduka, vile viukuta vinavyopanda juu ya ukingo wa paa, utaona jina na mwaka vimeandikwa kwa lipu. Andika, ila kumbuka huo ni mwaka wa ule uso. Nyuma yake panaweza kuwa pakongwe zaidi au papya zaidi, diagoni zako zitakwambia.

Majengo ya miaka ya karibuni nayo tayari ni ya zamani. Makumbusho ya Uganda pale Kamwokya ni ya 1954, ilichorwa na Ernst May, Mjerumani aliyekaa Afrika Mashariki toka 1934 mpaka 1953. Wanafunzi wanapita pale na taksi kila siku wanadhani ni ofisi. Nenda ukachore jinsi mwanga na hewa vinavyoingia kwa juu, halihitaji feni.

Uliza watu, ila baada ya kupima

Hili ni la ubishi na wenzangu hawakubaliani na mimi. Ukiuliza kwanza unapima ulichoambiwa. Pima kwanza, uwe na maswali yako mekundu, alafu nenda kwa mzee na swali moja moja: huu ukuta mbona mnene, huu mlango mbona hauna mwenzake. Mzee akiulizwa "tueleze historia ya jengo" anakupa hotuba. Akiulizwa kuhusu mlango mmoja anakumbuka nani alikuwa anatokea pale.

Kuchora safi

Fanya jioni ileile au kesho yake, sio wiki ijayo, wiki ijayo hutajua 1 yako na 7 yako. Plani na elevesheni 1:50 kwa jengo dogo, 1:100 kwa kubwa, madirisha na milango 1:20, vitu vya mkono kama bawaba na nakshi 1:5. Mstari mnene pale ulipokata ukuta, mwembamba kwa vitu unavyoviona mbele, mwembamba kabisa kwa sakafu.

Na tafadhali, usinyooshe. Ukuta ukiwa umelala milimita 70, uchore umelala milimita 70. Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi nilinyoosha veranda ya nyumba moja ya misheni, nguzo sita, nikaziweka sawa kwa sawa kwa sababu mpangilio ulikuwa "dhahiri". Miaka mingi baadaye nikarudi na tepu: nafasi ya tatu na ya nne ni pana zaidi, futi moja nzima, kwa sababu pale ndipo machela ya wagonjwa yalikuwa yanapita. Palikuwa zahanati. Mchoro wangu ulipewa alama nzuri sana.

Kompyuta tumia baadaye ukipenda, sina ugomvi nayo. Ila mimi nasahihisha zile karatasi za sait zenye matope, alama nyingi ziko huko.

Nakala

Tatu. Moja kwako, moja kwa mwenye jengo, moja mahali pengine kabisa, mji mwingine kama inawezekana. Jengo kuu la Makerere, la 1941, liliungua usiku wa Septemba 2020, paa lote na nyaraka zilizokuwa ndani, likafunguliwa upya 2024. Kuna nyumba moja Kampala tulipima nusu Ijumaa, tukasema nusu nyingine Jumatatu, Jumatatu tukakuta mabati ya kuzungushia na tingatinga ndani. Nusu tunayo. Mashariki yote mpaka ukumbini.

Kwenye kona ya karatasi andika tarehe, majina ya waliopima, tepu gani ilitumika, na mambo ambayo hamkufika. Hili la mwisho watu wanaona aibu, waandike tu. Ile karatasi ya Jinja imebandikwa nyuma ya kaunta ya yule mzee, karibu na droo ya hela, na chini kulia imeandikwa kwa mwandiko wa yule kijana wa kompyuta: ngazi iliyozibwa, upana futi 3 kwa hesabu, haikupimwa. Dari ya chumba cha 4 haikuonekana, nyuki.